Muvi na gemu zinapokikata kitabu ulimi

Muulize yeyote aliyesoma A Doll's House kwa ajili ya KCSE miaka michache iliyopita, atakueleza inavyoisha hata kama kila kitu kingine kimemtoka kichwani. Nora anamrudishia Torvald pete yake, anawaacha watoto watatu wamelala, anatoka, na mlango unasikika ukifungwa kule chini. Ni ukurasa ulioleta mabishano katika madarasa mengi. Kuna waliosema afadhali ameondoka, na kuna walioguna: mama gani huyo?

Sasa, kuna Nora mwingine ambaye wengi hawakufunzwa. Huyo hakuondoka.

Tamthilia hiyo ya Henrik Ibsen ilichezwa mara ya kwanza jijini Copenhagen mnamo Desemba 1879. Mwaka uliofuata ikaingia Ujerumani, na mwigizaji mashuhuri wa huko, Hedwig Niemann-Raabe, akakataa katakata kuuigiza mwisho ule. Alidai kuwa yeye kamwe hawezi kuwaacha watoto wake. Sheria za hakimiliki za enzi hizo hazikumlinda Ibsen. Mtu yeyote Ujerumani angeweza kuchukua kalamu na kumwandikia mwisho wake. Basi Ibsen akaona heri aharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na wengine. Akaandika mwisho mpya: Torvald anamvuta mkewe hadi mlangoni mwa chumba cha watoto, Nora anawaona wamelala, nguvu zinamwishia, anaanguka hapo chini. Pazia.

Ibsen mwenyewe baadaye aliuita mwisho huo unyama dhidi ya tamthilia yake. Na ukiangalia vizuri, ni mistari michache tu iliyobadilika. Mti wa Krismasi upo, ile barua ya Krogstad ipo, Daktari Rank yupo na ugonjwa wake. Zaidi ya saa mbili za uaminifu kamili, kisha dakika moja inayofuta kila kitu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mabishano yetu kuhusu filamu na gemu zinazotokana na vitabu vya zamani huwa yanakwama mahali pasipofaa. Muvi ikitoka tu, tunaanza kuhesabu. Mbona nywele zake si nyekundu? Yule mjomba wa sura ya tatu ameenda wapi? Mbona vita vimeletwa mwanzoni? Ukihesabu hivyo, Nora wa Ujerumani atapata alama tisini na kitu kwa mia. Na bado ni uongo mtupu.

Kila kitabu kizuri kina sehemu moja inayouma, ambayo mwandishi angeweza kuikwepa lakini akakataa. Mengine yote, mavazi, nchi, karne, majina, yanaweza kubadilishwa na kitabu kisife. Iguse sehemu hiyo, na unachobaki nacho ni jina la kuuzia tiketi.

Chukua Frankenstein. Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu sidhani kuna kitabu kilichodhulumiwa na skrini kama hiki, na dhuluma yenyewe imefanywa na filamu nzuri.

Mary Shelley alianza kukiandika mwaka wa 1816 akiwa na umri wa miaka 18, karibu na Geneva. Kilichapishwa London mwaka wa 1818 bila jina lake. Ukimwambia mtu leo jina Frankenstein, atawaza jitu la kichwa bapa, vyuma viwili shingoni, linalotembea kwa kuyumba na kunguruma. Kwanza, Frankenstein si jitu. Ni Victor Frankenstein, mwanafunzi aliyeliunda. Hilo wengi wanalijua siku hizi na hulisema kwa majivuno kwenye mitandao. Kosa kubwa liko kwingine.

Katika kitabu, kiumbe huyo anazungumza. Tena anazungumza kuliko wanadamu wengi utakaokutana nao! Victor anamtoroka usiku uleule anapofumbua macho. Kiumbe anajificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia moja maskini, anawachungulia kupitia ufa, na hapo anajifunza lugha yao polepole. Anaokota vitabu, anasoma Paradise Lost, anasoma habari za mashujaa wa Ugiriki na Roma. Anawakatia kuni usiku bila wao kujua. Siku anayopata ujasiri wa kuingia ndani, anamkuta mzee kipofu peke yake, na yule mzee anampokea vyema kwa kuwa haoni sura yake. Kisha watoto wa mzee wanarudi. Wanampiga, wanamfukuza. Anapokuja kumkabili Victor, anasimulia maisha yake kwa sura sita nzima, na msomaji anabaki akijiuliza nani hasa ni jitu kati ya hao wawili.

Filamu ya mwaka wa 1931 iliyoongozwa na James Whale ilimnyang'anya sauti. Boris Karloff ananguruma tu. (Kusema kweli, ananguruma vizuri ajabu, tazama mikono yake anapojaribu kuushika mwanga.) Halafu filamu ikaongeza jambo ambalo Shelley hakuliandika kabisa: msaidizi anayeitwa Fritz anatumwa kuiba ubongo, anauangusha ule mzuri, anachukua wa mhalifu. Kwa hiyo jitu linaua kwa sababu gani? Kwa sababu lilipewa ubongo mbovu tangu mwanzo.

Unaona kilichofanyika? Kitabu kinasema kiumbe alizaliwa akitaka kupendwa, na kila mlango aliobisha ulifungwa usoni mwake hadi akageuka muuaji. Filamu inasema alizaliwa muuaji. Hizo si namna mbili za kusimulia kisa kimoja. Ni imani mbili zinazopingana kuhusu binadamu, na ukiangalia jinsi tunavyowaongelea vijana wa mitaa fulani hapa nchini, utajua ni ipi iliyoshinda. Kijana anayeitwa jambazi kabla hajafungua kinywa anakifahamu kitabu cha Shelley hata kama hajawahi kukishika.

Nyongeza ndogo: katika majina ya mwanzo wa filamu hiyo, Mary Shelley ametajwa kama "Mrs. Percy B. Shelley". Jina lake halipo. Ni la mumewe.

Filamu mpya ya Guillermo del Toro, iliyotoka mwaka wa 2025, imemrudishia kiumbe sauti yake. Anasimulia upande wake, na anayemwigiza, Jacob Elordi, anafanya utazamaji uwe mzito. Lakini hata del Toro amechezea kitabu vilivyo. Elizabeth si mchumba wa Victor tena, bali wa mdogo wake. Miaka imesogezwa mbele. Na mwisho wake una msamaha kati ya muumba na muumbwa, jambo ambalo Shelley hakuwapa: kitabuni Victor anafariki bila amani hiyo, na kiumbe anaenda zake barafuni kujichoma moto. Je, msamaha huo ni kama Nora kubaki nyumbani? Mimi naona unakaribia, ila haujafika. Swali la kitabu, kwamba nani anawajibika kwa kiumbe asiyeomba kuletwa duniani, bado liko hai hadi dakika ya mwisho. Unaweza kunibishia.

Tuje kwa gemu, maana huko mambo huwa moto zaidi.

Mnamo Februari 2010, studio ya Visceral Games chini ya kampuni ya Electronic Arts ilitoa Dante's Inferno. Inatokana na sehemu ya kwanza ya utenzi wa Dante Alighieri, Mtaliano wa Florence aliyefukuzwa mjini kwao mwaka wa 1302 kwa sababu za kisiasa na hakurudi tena. Katika utenzi huo, Dante mwenyewe ndiye mhusika. Amepotea msituni katikati ya umri wake, na anaongozwa kuzimu na Virgil, mshairi wa kale wa Roma. Hana silaha. Anaogopa, analia, anauliza maswali, anasikiliza. Hiyo ndiyo kazi yake yote kule chini: kusikiliza watu wakieleza walivyofika pale.

Sasa ona Dante wa gemu. Ni askari wa Vita vya Msalaba, misuli imemjaa, amejishonea kitambaa chenye umbo la msalaba kwenye ngozi ya kifua chake. Dakika za mwanzo tu anapigana na Kifo chenyewe, anakishinda, anakipora mundu wake. Kisha anashuka kuzimu akikatakata kila kinachosogea ili amwokoe mpenzi wake Beatrice aliyetekwa na Shetani. Katika utenzi ni kinyume kabisa! Beatrice ndiye anayemwokoa Dante. Yeye ndiye aliyemtuma Virgil.

Ramani waliichukua yote. Duara tisa za kuzimu ziko vilevile, kwa mpangilio uleule, kutoka Limbo hadi kwa wasaliti. Mchoraji wa mandhari alisoma kitabu, hilo halina ubishi. Aliyeandika kisa ndiye aliyefunga macho.

Ushahidi mkubwa ni Francesca. Katika utenzi, Dante anakutana naye katika duara la pili. Francesca aliolewa na mtu mmoja akampenda ndugu ya mumewe, Paolo; walikuwa wamekaa wakisoma pamoja hadithi ya mapenzi ya Lancelot, na kusoma huko ndiko kulikowaponza. Mume akawaua wote wawili. Dante anamsikiliza hadi mwisho, kisha anazirai. Anajua Mungu amehukumu, na yeye ni muumini, lakini moyo wake haukubali. Amekwama kati ya haki na huruma na hana la kufanya ila kuanguka.

Kwenye gemu Francesca yupo pia. Unamkuta, na skrini inakupa chaguo mbili: mwadhibu au msamehe. Unabonyeza. Unapata pointi. Unasonga mbele.

Sina ugomvi na kubonyeza, gemu ni kubonyeza. Ugomvi wangu ni kwamba utenzi mzima umejengwa juu ya mtu asiye na kitufe. Ukimpa kitufe, umempa uwezo wa hakimu, na kule kuzirai kumeyeyuka. Halafu usisahau vituko vya kuitangaza gemu hiyo: mwaka wa 2009 wakati wa maonyesho ya E3 kule Los Angeles, watu waliandamana nje wakiilaani kwa jina la dini, na baadaye kampuni ikakiri kwamba waandamanaji hao walikuwa wamekodishwa nayo. Shairi lenye umri wa miaka 700, lililowatupa mapapa kuzimu kwa majina yao, na bado mtu aliona halitoshi kuzua gumzo.

Lakini tuwe waungwana. Gemu hiyo ilisababisha tafsiri ya zamani ya Longfellow ichapishwe upya ikiwa na picha ya gemu kwenye jalada. Kuna kijana mahali fulani aliyeinunua akitarajia mundu na damu, akamkuta mtu anayelia msituni. Natamani kujua kama aliendelea.

Kuhusu Disney sitasema mengi, maana ni kama kumpiga mtu aliyelala. Nguva wa Hans Christian Andersen, katika hadithi ya 1837, anakatwa ulimi, kila hatua anayopiga kwa miguu yake mipya inamchoma kama visu, na mwana wa mfalme anaoa mwingine. Nguva anageuka povu. Yule wa 1989 anaolewa. Nyimbo ni tamu, nazijua, lakini binti aliyetoa sauti yake apendwe na asipendwe si sawa na binti aliyetoa sauti yake akarudishiwa pamoja na harusi.

Hadi hapa utadhani mimi ni wa wale wanaotaka kitabu kisiguswe. La. Ukishikilia hilo itabidi uanze na Shakespeare, maana hakuna mwizi kama yeye. Kabla ya King Lear kulikuwa na tamthilia nyingine kuhusu mfalme huyohuyo, ambayo mwishowe mzee anarudishiwa ufalme wake na bintiye mwema anaishi. Shakespeare akaichukua na kuwaua wote wawili. Mwaka wa 1681 Nahum Tate akaona hayo ni machungu mno, akamfufua Cordelia na kumwoza kwa Edgar. Watazamaji wa Uingereza waliiona Lear ya Tate kwa takriban miaka 150! Wote wawili, Shakespeare na Tate, walibadilisha mwisho waliourithi. Mmoja alikwenda kulikokuwa na maumivu, mwingine akayakimbia. Leo Tate anakumbukwa sana kwa hilo.

Na sisi Waswahili tunaye wetu. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuiita mfanyabiashara wala tajiri wa Venisi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja aligeuka kundi, na kazi ikageuka tabaka. Kwa kipimo cha kamusi, jina hilo si sahihi. Lakini lisome tena ukiwa na tamthilia mkononi: Antonio na Shylock wanachukiana, Antonio humtemea Shylock mate, na wote wawili riziki yao ni fedha. Nyerere alitia siasa yake ndani, ndiyo, ila aliitia mahali ambapo mlango ulikuwa wazi.

Gemu nayo inaweza. Black Myth: Wukong ilitoka Agosti 2024 kutoka studio ya Kichina ya Game Science, na iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Inatokana na Journey to the West, riwaya ya karne ya 16 kuhusu mtawa anayesafiri kwenda India kutafuta vitabu vitakatifu akilindwa na tumbili mkorofi, Sun Wukong. Cha ajabu ni kwamba gemu haisimulii safari hiyo. Inaanza riwaya inapoishia. Mchezaji ni tumbili mwingine kabisa, anayetafuta mabaki ya Wukong. Mtawa mwenyewe karibu haonekani. Ukihesabu alama, imefeli vibaya. Lakini kitu kilichouma katika riwaya, ule utepe wa dhahabu kichwani mwa Wukong unaombana kila anapoasi, kinarudi hadi mwisho wa gemu. Uhuru una bei gani? Je, kiumbe aliyevunja mbingu anaweza kutulizwa kwa kupewa cheo? Waliotengeneza walikipenda kitabu kiasi cha kubishana nacho.

Hapa kwetu hatujashangazwa na mambo haya. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanajua DJ Afro anavyoichukua muvi ya ng'ambo na kuisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, akiongeza vichekesho ambavyo mwandishi hakuwahi kuviota. Hakuna anayedai arudishiwe pesa. Tunajua tunachokinunua: muvi, na juu yake DJ Afro.

Tatizo linakuja pale ambapo huna habari kuna kitu kilichofunikwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye riwaya yake ya kutahiniwa ameiona tu ikiigizwa na kikundi kilichotembelea shule, na hajaifungua, hajui ni mzaha upi ulikuwa wa mwandishi na upi uliongezwa ili ukumbi ucheke. Kikundi hakina kosa; kina saa mbili na wanafunzi mia kadhaa wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Lakini akiulizwa kwenye mtihani aeleze muktadha wa dondoo, hakuna dondoo la mzaha ule. Alama zikipotea, atalia kidogo na yatapita. Lisilopita kirahisi ni kuishi miaka ukiamini Frankenstein ni hadithi ya ubongo mbovu.

Vijana wa Nairobi na Mombasa wanajifunza kutengeneza gemu na katuni siku hizi, na kila mara naona mtu akiuliza mtandaoni kwa nini hatuna shujaa wetu kwenye skrini. Jibu linalotajwa haraka ni Fumo Liyongo. Haki kabisa. Utenzi wake uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913 umejaa mambo ambayo mbunifu wa gemu angeyalipia: jitu la nguvu, upinde, Sultani wa Pate mwenye wivu, kifungo gerezani. Hata njia ya kutoroka ipo. Mamake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa sababu anajua walinzi hula vizuri vyote na kumwachia mfungwa makapi. Halafu makelele ya ngoma yanafunika mlio wa chuma kikikatwa. Hiyo ni hatua ya kwanza ya gemu, imeshaandikwa!

Ugumu uko mbele. Liyongo hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemuua ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa makuu na Sultani. Mwana anamuuliza babake siri hiyo. Liyongo anashuku kilichomleta kijana, na anamwambia bado. Baadaye anachomwa akiwa usingizini, anaamka, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima akiwa ameutia mshale, na kufia hapo. Watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai.

Naweza kusikia kikao cha wabunifu. Mmoja atasema mwana abadilishwe awe jemadari wa adui, maana mchezaji hatapenda kusalitiwa na mwanawe. Mwingine atataka mchezaji apewe chaguo mbili, sema au nyamaza, na ukinyamaza unaokoka na kuendelea kutwanga watu. Mimi ningewaachia wafanye wapendavyo na Pate, na mavazi, na urefu wa Liyongo, hata wakitaka wampeleke anga za juu. Ila mwana anapouliza, na baba anamtazama akijua, kitufe kiwe kimoja tu.